UJUMBE WA SIMU NA MZIGO WA HASARA



Mvua za vuli zinapokaribia, simu za wakulima wetu wa Ukambani huanza kulia. Ujumbe mmoja hutangaza juma ambalo mvua inatarajiwa kuanza; mwingine hushauri mbegu ya kupanda; wa tatu hueleza mahali mbolea ya ruzuku inapopatikana; wa nne huahidi mkopo utakaolipwa baada ya mavuno. Kizazi kimoja kilichopita mambo haya hayakuwako. Mkulima wa Makueni, Kitui au Machakos alitegemea redio, baraza la chifu, afisa wa kilimo aliyepita kijijini mara chache, na ujuzi wa wazee waliotambua majira kwa maua ya miti na mwelekeo wa upepo.

Makala haya hayakusudii kuzibeza huduma hizo. Yanakusudia kuuliza swali moja ambalo, kwa maoni yetu, halijaulizwa vya kutosha katika vikao vyetu: mkulima mdogo anapolifuata shauri lililomfikia kwa simu, kisha shauri hilo likamponza, ni nani abebaye hasara? Kwa hali ilivyo leo, mara nyingi huibeba yeye peke yake. Aliyetuma ujumbe hapungukiwi na kitu. Pengine hata jina lake halijulikani. Tunasema kwamba hali hiyo si ya haki, na kwamba iko katika uwezo wa jamii yetu kuirekebisha.

FAIDA HAIKANUSHIKI

Kwanza tulikiri lililo jema. Wahenga walisema, asifuye mvua imemnyea, na wako wakulima wengi wanaozisifu huduma hizi kwa sababu zimewafaa. Viwavijeshi vamizi viliposhambulia mahindi nchini Kenya mwaka 2017, wengi hawakumjua mdudu huyo wala namna ya kupambana naye. Mwaka 2018 Wizara ya Kilimo, kwa kushirikiana na shirika la Precision Agriculture for Development, ilianzisha huduma ya MoA-INFO, ambayo iliwafikishia wakulima ushauri kwa ujumbe mfupi bila malipo. Maafisa wa kilimo hawakuwa wengi kiasi cha kufika katika kila boma kwa wakati, simu ilifika.

Aidha, mkulima ajuaye bei ya ndengu katika soko la Wote au la Nairobi hadanganywi kirahisi na dalali ajaye mlangoni na mizani yake.

Hata hivyo, faida hiyo yafaa kupimwa kwa kiasi chake. Mwaka 2019 wataalamu Raissa Fabregas, Michael Kremer na Frank Schilbach walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa majaribio yaliyofanywa Afrika na India juu ya ushauri wa kilimo kwa njia ya simu. Waliona kwamba, kwa wastani, mavuno yaliongezeka kwa takriban asilimia 4. Kwa mkulima avunaye magunia 10 ya kilo 90, ongezeko hilo ni kilo 36. Kwa kuwa kutuma ujumbe ni jambo la gharama ndogo sana, hiyo ni faida ya kweli. Lakini kilo 36 haziwezi kuiokoa nyumba ambayo mvua imeikosa kabisa.

Na mvua imetukosa. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa mwaka 2022, majira matano mfululizo ya mvua yalikuwa duni katika sehemu kubwa za kaskazini na mashariki ya Kenya. Kisha, kana kwamba mizani imegeuzwa, yakaja mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2023, na tena yale ya Machi hadi Mei 2024, ambayo yaliua watu zaidi ya 200 nchini. Mkulima aliyepitia miaka hiyo minne anazo sababu za kutafuta taarifa popote zinapopatikana, na kwa ajili hiyo hiyo ni rahisi kwake kuamini kila aambiwalo.

UTABIRI HUPUNGUZWA NJIANI

Ni muhimu tuelewe utabiri wa majira husema nini hasa. Wataalamu huyagawa majira ya miaka mingi iliyopita katika mafungu matatu yaliyo sawa: yenye mvua chache, yenye mvua ya wastani, na yenye mvua nyingi. Pasipokuwa na dalili yoyote, kila fungu lina uwezekano wa takriban asilimia 33. Tuseme basi kwamba wametangaza uwezekano wa asilimia 50 wa mvua nyingi, asilimia 30 wa mvua ya wastani, na asilimia 20 wa mvua chache. Maana yake ni kwamba katika majira 10 yanayotabiriwa hivyo, tungetarajia mawili yawe ya uhaba.

Mkulima akielezwa hayo yote, aweza kuamua kwa busara. Ataligawa shamba lake: hapa mahindi, pale ndengu na kunde, kando mtama na mbaazi, ili kama mvua ikipungua, nyumba isilale njaa. Lakini ujumbe mmoja mfupi wa simu una nafasi ya herufi 160 tu. Katika safari ya kutoka kwa mtaalamu hadi simuni, asilimia huachwa njiani, na kinachofika ni maneno machache: mvua itakuwa nyingi, panda mapema. Lililokuwa uwezekano limegeuka kuwa ahadi.

Zaidi ya hayo, utabiri wa majira huzungumzia hasa jumla ya mvua katika eneo pana. Mahindi hayafi kwa sababu ya jumla. Hufa kwa sababu ya majuma matatu ya jua kali wakati yanapotoa maua. Kaunti moja ya Makueni inavyo vilima vya Mbooni vyenye baridi na unyevu, tena inayo nchi tambarare ya Kibwezi yenye joto na ukame. Ujumbe mmoja unaotumwa kwa kaunti nzima hauwezi kuwa kweli kwa namna moja katika mahali hapo pawili.

Mwaka 2023 tuliona pia jinsi sauti zinavyoweza kupingana. Kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba, wataalamu wa hali ya hewa wa ukanda wetu walitabiri mvua kubwa kuliko kawaida kwa sababu ya El Niño. Mwezi Oktoba Rais William Ruto aliwaambia wananchi kwamba, kwa mujibu wa wataalamu, hapangekuwa na El Niño yenye uharibifu. Novemba mafuriko yaliikumba nchi, hasa kaskazini mashariki na Pwani, na watu wakapoteza maisha, mifugo na mashamba. Twataja jambo hili kwa sababu moja tu: mwananchi aliyesikia sauti mbili alilazimika kuchagua moja, na aliyekosea katika kuchagua alilipa kwa mali yake mwenyewe.

ANAYESHAURI NA ANAYEUZA

Jambo la pili linahusu nia ya anayetuma ujumbe. Zipo huduma za serikali na za taasisi za utafiti ambazo kazi yake ni kufundisha. Zipo nyingine ambazo hutoa ushauri, huuza mbegu, na hukopesha fedha za kuinunulia mbegu hiyo, yote kwa simu ile ile. Biashara si dhambi. Lakini mkulima ana haki ya kujua ni wakati gani anafundishwa na ni wakati gani anauziwa.

Tuchukue mfano wa mbegu ya Katumani, iliyozalishwa katika kituo cha utafiti karibu na Machakos miaka ya 1960 kwa ajili ya nchi kavu kama yetu. Hukomaa mapema, na mkulima aweza kuchagua mahindi mazuri katika mavuno yake akapanda tena msimu ufuatao. Mbegu chotara huweza kuzaa zaidi mvua ikiwa njema, lakini hununuliwa upya kila msimu. Ipi inamfaa mjane mwenye ekari mbili na asiye na akiba? Jibu lategemea shamba lake, mfuko wake na hofu yake. Muuzaji wa mbegu chotara hatarajiwi kumkumbusha kwamba anayo njia nyingine.

Mjane huyo akichukua mkopo wa simu kwa ajili ya mbegu na mbolea, kisha mvua ikakatika mwezi Desemba, shauri lile litakuwa limefutika simuni lakini deni litabaki. Riba au faini itaongezeka, na jina lake laweza kupelekwa CRB, asikopesheke tena hata kwa karo ya mtoto. Aliyemshauri na aliyemkopesha walijua kama yeye kwamba mvua ni jambo la kubahatisha. Mbona bahati mbaya iwe yake peke yake?

Mwaka 2024 tulipata funzo jingine. Wakulima walikuwa wamesajiliwa katika orodha ya serikali, wakapokea ujumbe wa simu wa kuwaruhusu kununua mbolea ya ruzuku, ambayo tangu Agosti 2023 bei yake ilikuwa shilingi 2,500 kwa mfuko. Wengi walisafiri mbali hadi katika maghala. Ndipo ikabainika kwamba baadhi ya mbolea iliyouzwa kupitia mpango huo ilikuwa chini ya kiwango. Serikali iliahidi kuwafidia walioinunua. Tuzingatie funzo lililomo: orodha iliyotumika kumwita mkulima aje anunue yaweza pia kutumika kumtambua aliyedhurika ili alipwe. Chombo ni kile kile. Kinachohitajika ni nia ya kukitumia kwa pande zote mbili.

HASARA HUWEZA KUGAWANWA

Huenda msomaji akauliza: je, kuna mahali ambapo hasara iligawanwa kwa kweli? Pako, na ni hapa nchini mwetu. Mwaka 2009 mpango uitwao Kilimo Salama ulianzishwa kwa majaribio katika eneo la Laikipia. Mkulima aliponunua mbegu au mbolea, aliongeza kiasi kidogo cha fedha kuwa bima, na kampuni za pembejeo zikamchangia. Vituo vidogo vya hali ya hewa vilipima mvua. Ikiwa kituo kilionyesha kwamba mvua imepungua kupita kiwango kilichokubaliwa, malipo yalitumwa kwa M-Pesa, bila mtu yeyote kuja kukagua shamba. Mwaka 2014 kazi hiyo iliendelezwa na kampuni ya ACRE Africa.

Mpango huo ulikuwa na upungufu wake, na haki yatudai tuuseme. Mvua yaweza kunyesha kituoni na kukosekana shambani kilomita chache kutoka hapo. Mkulima hupata hasara na halipwi chochote. Hata hivyo, msingi wake ulikuwa sahihi. Aliyeuza mbegu aliweka fedha zake kidogo katika mashaka yale yale aliyokuwa nayo mkulima. Kwa maneno mengine, alisimama naye chini ya mawingu yale yale. Hicho ndicho kipimo tunachopendekeza kwa huduma zote zinazochanganya ushauri na biashara.

WASIOFIKIWA

Tusiwasahau wasiofikiwa kabisa. Katika nyumba nyingi anayelima, kupalilia na kuvuna ni mama, lakini laini ya simu imesajiliwa kwa jina la baba, ambaye pengine yuko Nairobi au Mombasa akitafuta kazi. Ujumbe wa kupanda humfikia mtu asiye na jembe mkononi. Wako wazee wasioweza kusoma herufi ndogo za kabambe. Wako wanaoielewa vyema lugha ya Kikamba peke yake, ilhali ujumbe huja kwa Kiingereza au kwa Kiswahili cha kitaalamu. Huduma mpya zinazohitaji simu kubwa na intaneti huongeza pengo hilo badala ya kulipunguza.

Kwa hiyo simu haiwezi kuchukua mahali pa afisa wa kilimo. Tangu mwaka 2013 huduma za kilimo zimekuwa chini ya serikali za kaunti, na ni katika bajeti za kaunti ambamo idadi ya maafisa huamuliwa. Viongozi wakituambia kwamba maafisa hawahitajiki tena kwa kuwa kuna simu, tuwaulize: simu itakuja lini kutazama udongo wa shamba, na ni nani atakayeiuliza swali la pili?

PINGAMIZI MOJA

Wako watakaosema kwamba mkulima ni mtu mzima. Hakuna aliyemlazimisha kuufuata ujumbe, na tukiwadai wanaotoa ushauri wajibu kwa kila kosa, wataacha kuutoa, nasi tutarudi gizani. Pingamizi hili lina uzito. Hatudai kwamba mtabiri alipe kila mvua inapokosekana, maana hakuna binadamu aimilikiye mvua. Tunatofautisha kosa la mawingu na kosa la mtu. Utabiri uliotolewa kwa uaminifu, pamoja na mashaka yake, kisha ukakosea, si dhuluma. Utabiri uliofichwa mashaka yake ili mbegu inunuliwe ni dhuluma. Mbolea mbovu ni dhuluma. Ushauri usio na mahali pa kuuliza wala pa kulalamikia ni mlango wa dhuluma.

Wala hatuombi fadhila. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, humpa mtumiaji wa bidhaa au huduma haki ya kupata kitu chenye ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa za kumwezesha kunufaika nacho, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro yake. Kifungu hicho kinazihusu taasisi za umma na watu binafsi pia. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda habari za mtu binafsi, ambazo kwa mkulima ni pamoja na namba yake ya kitambulisho, ukubwa wa shamba lake na madeni yake. Anaposajiliwa, ana haki ya kujua habari hizo zitatumiwa na nani na kwa kazi gani.

YATUPASAYO

Tunawaomba wenye kutoa huduma, wawe wa serikali au wa kampuni, wazingatie mambo manne. Kwanza, kila utabiri utaje uwezekano wake na eneo linalohusika, hata kama utahitaji ujumbe wa pili au sauti iliyorekodiwa kwa lugha ya mahali. Pili, ujumbe wa biashara ujitambulishe kuwa ni wa biashara. Tatu, kila huduma iwe na namba ambayo mkulima aweza kupiga bila malipo akajibiwa na mtu. Nne, mkopo wa pembejeo utolewao pamoja na ushauri uambatane na bima, au na masharti ya kuahirisha malipo pindi ukame unapotangazwa.

Nasi wenyewe tunayo kazi. Viongozi wa walei waweza kuutafuta utabiri kamili wa Idara ya Hali ya Hewa kabla ya Oktoba, wausome wote pamoja na asilimia zake katika matangazo ya Jumapili, na kuufafanua kwa Kikamba katika jumuiya ndogo ndogo, ili asiye na simu asikie sawa na mwenye nayo. Kila kigango chaweza kuwa na kipimo cha mvua, chombo kisicho cha gharama kubwa, na kijana mmoja wa kuandika kila asubuhi kiasi kilichonyesha. Katika daftari hilo hilo yaandikwe mashauri yaliyopokelewa kwa simu, tarehe yake, aliyeyatuma na yaliyotokea. Baada ya misimu michache, kikundi cha akina mama au mwethya utaweza kusema kwa ushahidi ni huduma ipi ya kuaminika na ipi ya kuepukwa.

Daftari hilo lipelekwe katika vikao vya kaunti vya kukusanya maoni ya wananchi juu ya bajeti. Mkulima mmoja anayelalamika kwamba alipotoshwa husikilizwa kwa huruma, kisha husahauliwa. Wakulima mia moja wenye tarehe, vipimo na nakala za ujumbe hawasahauliki kirahisi. Vuli ijayo simu zitalia tena. Inafaa zitukute tukiwa tumekwisha kufungua ukurasa wa kwanza.